Bakuli la Kijerumani, Mwezi wa Ramadhani

Shaaban 26

Shangazi Balqis ameondoka asubuhi kwenda Ujerumani. Kazini kwake, kwenye jumba la makumbusho, wamemchagua aende kujifunza namna ya kuunga vyombo vilivyovunjika. Atarudi Idi ikikaribia.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege alinipa daftari hili. "Andika kwa Kiswahili," aliniambia. "Kiarabu unakiandika shule kila siku. Kiswahili cha nyumba hii kinasemwa tu."

Nimekubali. Nitaandika yaliyotokea, na ninavyojisikia nitaandika pale tu inapobidi.

Amenipa pia ufunguo wa kabati la vioo.

Shaaban 27

Nimesoma niliyoandika jana na naona mtu mwingine hatayaelewa, kwa hiyo naeleza.

Mimi ni Rawan, niko darasa la kumi. Naishi mtaa wa Khuwair ya Kusini, katika mji wa Waarabu, ghorofa ya pili, pamoja na Bibi Kheiria, mama yake Baba, na Shangazi Balqis, dada yake Baba. Baba na Mama wanakaa Qurayyat, mji wa pwani, kwa ajili ya kazi, wanakuja Ijumaa. Nipo hapa kwa sababu ya shule.

Kabati la vioo liko sebuleni. Ndani yake kuna vyombo vya udongo vya Kijerumani ambavyo Shangazi amevikusanya tangu alipokuwa mwanafunzi huko. Vyote vilitengenezwa kiwandani karibu miaka mia iliyopita, kabla ya vita vya pili. Havina maua wala dhahabu. Vina duara, pembe na mistari, na rangi yake haikupakwa kwa brashi, ilipulizwa kama dawa ya mbu, ndiyo maana inaanza nzito upande mmoja na kufifia upande wa pili. Watu waliobuni vyombo hivi walikuwa wamechoshwa na mapambo. Walitaka chombo kizuri kifike jikoni kwa mtu wa kawaida, ale ndani yake.

Shangazi amenifundisha kuvitazama. Kwanza unageuza uone chini, kwa sababu huko ndiko kwenye muhuri na namba. Halafu unagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kitu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kusema kizuri au kibaya ni jambo la mwisho kabisa.

Anachokipenda kuliko vyote ni bakuli namba 317. Ni la manjano, lina masikio mawili madogo, na ubavuni lina nusu duara za rangi ya chungwa zinazoingia kahawia. Ndani ya ukingo lina ngazi nyembamba ya kukalia kifuniko. Kifuniko hakipo. Shangazi alilinunua hivyo, na tangu hapo anakitafuta.

Aliniambia jambo moja mlangoni: nikiliangalia kabati vizuri mpaka arudi, kiangazi atanichukua Ujerumani, kwenye yale masoko ya Jumapili wanakouza vitu vya zamani, nikachague chombo changu cha kwanza. Sijamwambia mtu yeyote shuleni, maana halijawa bado.

Ramadhani 1

Nimefunga. Kiu kidogo saa ya hesabu.

Ramadhani 2

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Baba na Mama hawakuja, barabara haikuonekana vizuri. Vumbi limepita hata kwenye mlango wa kabati, na 317 halina kifuniko, kwa hiyo limeingia ndani. Nimeliosha kama nilivyofundishwa: maji ya uvuguvugu, vidole tu, bila sabuni ya unga. Chombo cha udongo hunywa maji, hakirudishwi kabatini siku hiyo hiyo. Nimeliweka juu ya taulo, meza ya jikoni, likauke mpaka kesho.

Jioni Bibi alinipa sinia nimpelekee Bi Rahila wa mlango wa pili. Lilikuwa limefunikwa kawa, na lilikuwa zito. Bi Rahila alilipokea mlangoni, adhana ilikuwa karibu.

Ramadhani 3

Leo nilipoamka nilikwenda jikoni. Taulo lilikuwepo, limekunjwa.

"Bibi, bakuli lililokuwa hapa liko wapi?"

"Lile la rangi rangi? Nimetilia tambi."

"Tambi zipi?"

"Za jana. Ulizopeleka kwa Rahila. Mbona wanitolea macho? Vyombo vyangu vyote viko nje, kila nyumba ina changu. Nimekuta bakuli safi, nimelitumia."

"Bibi, lile ni la Shangazi. Lina miaka mia."

"Basi limezoea," alisema Bibi. "Litarudi."

Mimi ndiye niliyelibeba, lilikuwa chini ya kawa.

Ramadhani 4

Halijarudi.

Ramadhani 5

Bi Rahila ameleta kalimati. Nimekimbia mlangoni. Zilikuwa kwenye sahani yetu ya bluu.

Ramadhani 7

Nimemwuliza Bibi kwa nini nisigonge mlango wa Bi Rahila nikalichukua. Alikuwa anakunja sambusa na hakuinua kichwa.

"Wajua utakachokuwa umemwambia?"

"Kwamba bakuli letu liko kwake."

"Hapana. Utakuwa umemwambia, chombo changu kiko kwako na bado hujakitia kitu. Mwezi wa Ramadhani! Mtu hadaiwi futari, Rawan."

Kwetu chombo kilichokuja na chakula hurudi na chakula. Hakuna aliyenifundisha hili, nililijua tu, kama ninavyojua kuvua viatu mlangoni. Sikuwahi kufikiri kwamba maana yake ni kuwa huwezi kuomba chombo chako mwenyewe.

Ramadhani 8

Joto limepanda kidogo. Mtihani wa kemia.

Ramadhani 9

Baba na Mama wamekuja. Mama aliuliza kwa nini kabati lina nafasi wazi. Nilisema nimeosha chombo, na ni kweli nilikiosha.

Ramadhani 11

Leo Bibi alinituma tena kwa Bi Rahila, mkate wa kumimina. Safari hii aliniambia, "Ukiingia, ingia na macho." Nimeelewa kwamba naye analifikiria.

Bi Rahila alifungua akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Ingia, ingia, mbona wasimama mlangoni kama mdai? Bibi hajambo?"

Niliingia jikoni. Bi Rahila ana vyombo vingi kuliko makabati. Vingine viko juu ya friji, vingine juu ya mashine ya kufulia. Nilitazama vyote. Nilimwambia ana vyombo vingi.

"Nusu si vyangu, mwanangu. Sijui hata vimetoka nyumba gani, mwaka gani. Bora nimepunguza. Yule Mkenya wa ghorofa ya nne, Wilkister, juzi kaja kunirudishia sahani. Kaliona bakuli moja pale juu ya friji, la manjano. Akasema, 'Bi Rahila, hii bakuli ni safi sana.' Sasa mimi ningefanyaje? Mtu akikisifu kitu chako, utakivutia kwako? Nikamwambia lako hilo, lichukue. Akakataa. Nikamwambia, lichukue! Akakataa tena. Nikalitia tende, nikamshikisha."

"Lilikuwa lako, Bi Rahila?"

"Si langu? Lilikuwa jikoni kwangu."

Nimemweleza Bibi. Alisimamisha kazi, akafuta mikono, akakaa.

"Basi. Rahila akijua lilikuwa letu, atajiona kagawa mali ya watu. Atapanda juu kulitaka. Wilkister ataona kavuliwa kitu alichopewa. Watu wawili wakimbiane kwenye ngazi kwa sababu ya bakuli la supu?"

"Na Shangazi?"

"Balqis hajarudi," alisema Bibi, akainuka kupindua mkate.

Mpaka jana nilikuwa nikidhani Bibi hajali. Sasa nadhani anajali kitu kingine, na kitu hicho hakimo kabatini.

Ramadhani 13

Shangazi ametuma ujumbe wa sauti. Nauandika kama alivyosema.

"Rawan, kaa chini kwanza. Umekaa? Nimekipata. Kifuniko cha 317. Kilikuwa ndani ya kasha la vikombe visivyo na thamani, kwa mzee mmoja hapa sokoni, na yeye alikuwa akiwekea vifungo vya nguo. Namba ni hiyo hiyo, rangi ni hiyo hiyo. Nimekifunga gazeti, nikakitia ndani ya soksi ya sufu. Lakini nnataka kuwa na hakika. Nipigie picha ukingo wa bakuli, uweke rula juu yake. Leo leo."

Kisha akatuma picha ya kifuniko kikiwa juu ya kitanda cha hoteli. Ni cha manjano. Kina kishikio kama kifungo, na nusu duara mbili za chungwa zinaishia ukingoni ghafla, kama sentensi iliyokatwa. Nusu yake ya pili iko ghorofa ya nne.

Sikuwa na bakuli la kupiga picha. Nilimtumia kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha 317 kilichobaki kabatini. Kipimo ni sahihi, Shangazi mwenyewe ndiye aliyekiandika. Nilisema mwanga wa sebuleni si mzuri.

Amejibu, "Hakuna tabu. Kinalingana."

Sikula vizuri.

Ramadhani 14

Bibi ameanza vita vyake, ingawa haviiti hivyo. Leo nimepeleka sambusa ghorofa ya nne.

Anti Wilkister anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kwao ni Kisumu. Siku za Ijumaa, ambazo hapa ni za mapumziko, huenda kanisani mtaa wa Ghala, anaimba kwaya, na mtu akikaa kimya kwenye ngazi humsikia akifanya mazoezi. Nilimjua kama mtu wa kumsalimia tu kwenye lifti.

"Rawan! Umekua mrefu aje hivi? Ni hizi sambusa zinakurefusha? Asante sana, mtu wangu. Bibi anaendeleaje?"

Kupitia mlango niliona bakuli. Lilikuwa juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na malimau. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukilipiga upande wenye duara. Sijawahi kuliona likipigwa na jua. Kabati letu liko upande wa ukuta ili rangi zisipauke.

Ramadhani 15

Anti Wilkister amerudisha sahani yetu na chapati. Sahani yetu.

Ramadhani 16, asubuhi

Bibi alipeleka biriani jana, na imerudi kachumbari na maharagwe ya nazi, ndani ya bakuli letu la plastiki. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimelala. Tukipeleka chakula ndani ya chombo chetu, atarudisha chombo chetu. Hata tukipeleka mpaka Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, hatutaliona bakuli. Ili atoe chombo chake, lazima tumpe kitu kisicho na chombo.

Nilimwambia Bibi tupeleke futari kwenye mfuko. Alinitazama kana kwamba nimesema tuitupe dirishani.

Ramadhani 16, jioni

Baba amekuja kutoka Qurayyat na samaki, jodari wawili, mmoja mkubwa. Samaki hubebwa kwa mfuko na hakuna anayeona vibaya. Nilimtazama Bibi, naye akanitazama. "Mpelekee mmoja Wilkister," alisema. "Yule mkubwa." Baba alishangaa lakini hakuuliza.

Anti Wilkister alipofungua mfuko alipiga kelele. "Aki! Samaki mzima, na kichwa chake! Hawa watu wa supamaketi wanakata kichwa wanatupa, wanatupa utamu wote! Rawan, unajua mimi ni mtu wa ziwa?"

Nilisema najua. Nilijisikia vibaya kwa sababu alifurahi kweli, na mimi nilikuwa nimekwenda kutega.

Ramadhani 17

Mvua. Maji yamejaa barabara ya nyuma na hakuna anayetoka. Jengo lote linanuka vitunguu.

Ramadhani 18

Limekuja.

Dakika chache kabla ya adhana Anti Wilkister aligonga, bado amevaa nguo za kazi, na amelishika kwa mikono miwili. Juu alikuwa ameweka karatasi ya alumini. "Ni mandazi. Mwambie Bibi nimeweka iliki nyingi vile anapenda. Na nimewaletea kwa bakuli yangu ya maana, si mchezo."

Nilisema asante. Nilifunga mlango. Mandazi niliyamwaga kwenye sinia, nikaliosha bakuli, nikaligeuza. 317. Nikaligonga, likalia vizuri. Ndani, karibu na ngazi ya kifuniko, kuna doa dogo la manjano yaliyokolea, nadhani ni bizari ya Bi Rahila. Halitoki.

Nililikausha kwa kitambaa, sikusubiri kesho. Nikalitia kabatini, nikafunga kwa ufunguo.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha uji.

"Limeingia humo lifanye nini?"

"Limerudi, Bibi."

"Halijarudi. Limekuja. Limeletwa na mandazi kutoka nyumba ya mtu."

"Lakini ni la Shangazi! Wewe mwenyewe umenituma na samaki!"

"Nimekutuma. Nilitaka lije, nione kama lingali zima, nijue la kumwambia Balqis. Sikukutuma kulifungia." Alikunywa uji kidogo. "Wilkister kapewa. Kalitia chakula, kakuletea. Sasa anangoja. Hatasema, lakini anangoja, kama mimi ninavyongoja sahani zangu."

"Akingoja mpaka achoke?"

"Atachoka. Halafu siku moja atakuwa na mandazi, atatafuta pa kuyapeleka, na hatatuletea sisi."

Nilimwuliza kama Shangazi naye hana haki. Bibi alisema anayo. Alisema hicho ndicho kilichomuumiza kichwa tangu siku ya tatu ya Ramadhani, maana kila mtu anayo, na mwenye makosa ni mzee mmoja tu aliyeishiwa vyombo. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akaniambia niyaonje mandazi, iliki yake ni nzuri.

Yalikuwa mazuri.

Ramadhani 20

Sijalirudisha.

Ramadhani 21

Bado limo kabatini.

Ramadhani 23

Baba alinichukua sokoni Mutrah kununua vitu vya Idi. Bandarini kulikuwa na meli ya watalii, nyeupe, ndefu kuliko mtaa, na sokoni kulijaa wazee wenye kofia. Wengine walikuwa wakisema Kijerumani. Nilimwomba Baba tupite kwa Asaad, anayeuza vitu vya zamani nyuma ya maduka ya ubani.

Nilikuwa na mpango. Ningetafuta bakuli jingine, zuri na kubwa zaidi, nimpelekee Anti Wilkister hilo likiwa limejaa.

Asaad aliniletea jagi la kahawia lenye mabonge mabonge kama mlima wa volkano. "Hili la Kijerumani, la zamani sana, la wafalme."

Nililigeuza. "Hili ni la miaka ya sabini," nilimwambia. "Na wakati huo hawakuwa na mfalme."

"Huyu binti umemleta wa nini?" Asaad alimwuliza Baba. "Mimi nina watoto wanaokula."

Mwishoni nimechukua bakuli jeupe lenye ukingo wa dhahabu na mawaridi. Ni jipya, linang'aa. Ni aina ile ile ambayo wabunifu wa vyombo vya Shangazi walikuwa wameichoka. Nilidhani kila mtu mwingine atalipenda.

Ramadhani 24

Bibi alilijaza lile bakuli la mawaridi vipopoo, vidonge vya unga kwenye tui la nazi, na nikapanda nalo ghorofa ya nne.

Anti Wilkister alilipokea, akalitazama, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna kingine kinakuja.

"Hii ni mzuri," alisema. "Mzuri sana. Lakini si yangu. Yangu ilivunjika?"

Ingetosha kusema ndiyo. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Angesikitika, angesema bakuli ni bakuli, angelichukua la mawaridi, na mambo yangekwisha. Nilimwangalia na nikaona kwamba tayari alikuwa akiutayarisha uso wake ili mimi nisijisikie vibaya.

"Hapana," nilisema. "Ni zima. Bado halijaoshwa vizuri."

"Oh! Basi hakuna haraka, mtu wangu. Nilishtuka tu." Alicheka, akaegemea mlango. "Unajua, nimekaa hapa miaka sita. Kila Ramadhani watu wa hili jengo wananiletea chakula, mimi na sifungi, na mimi ni wa kanisa. Najisikia mtu wa nyumbani. Lakini sahani ni zao, nazirudisha. Ile bakuli ndiyo chombo cha kwanza mtu ameniambia, kaa nayo. Nilimpigia mamangu simu nikamwambia. Akaniuliza, ni bakuli tu? Nikamwambia ndiyo, ni bakuli tu, lakini."

Hakumalizia. Aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akarudisha bakuli la mawaridi lenye malimau. Hakutaka lilale kwake, kwa kuwa si lake.

Niliposhuka Bibi aliliona bakuli limerudi. "Malimau yake yana maji," alisema, na akayachukua.

Ramadhani 25

Shangazi anafika kesho mchana. Nimefuta vioo vya kabati ndani na nje.

Ramadhani 26

Shangazi alikwenda kabatini kabla hajavua abaya. Sanduku liliachwa mlangoni. Alinishika mkono, akafungua mkoba, akatoa soksi ya kijivu.

"Lete ufunguo."

Alilitoa bakuli, akaliweka mezani, akakifungua kifuniko kutoka kwenye gazeti. Alikishusha kwa vidole vya mikono miwili. Kulisikika sauti moja ndogo, kavu, kama ulimi unapogusa kaakaa. Kisha Shangazi alikizungusha polepole mpaka nusu duara za juu zikakutana na za chini na zikawa duara kamili. Lilikuwa jambo rahisi sana. Rangi zilifuatana toka kishikioni mpaka kitakoni bila kukatika.

Bibi alitoka jikoni akasimama. Tulilitazama wote watatu.

Halafu nilimwambia. Nilianza na vumbi na nikaenda kwa mpangilio: taulo, kawa, Bi Rahila, friji, malimau, kipimo cha kibandiko, samaki, mandazi, mawaridi, na maneno ya Anti Wilkister mlangoni. Nilisema pia kwamba ufunguo nimeurudisha na kwamba naelewa kuhusu kiangazi.

Hakukasirika. Aliuliza maswali kama anavyouliza mbele ya chombo kilichovunjika.

"Rahila anajua?"

"Hapana."

"Wilkister anajua?"

"Hapana."

"Nani anajua?"

"Sisi."

Alikinyanyua kifuniko, akatazama doa la bizari, akalipitishia kidole. Nilidhani atalia. Alisema, "Hii ni bizari ya Rahila, anaijaza kila kitu," na akakaa kwenye kiti akiwa bado na abaya.

Bibi alirudi jikoni, na nikasikia vifuniko vya masufuria.

"Mama," Shangazi aliita. "Umepika nini leo?"

"Tambi."

"Za kutosha kulijaza hili?"

Bibi alichungulia mlangoni. Aliwahi kumtazama Baba hivyo siku alipofaulu chuo, kuna picha yake ukutani. "Zipo," alisema.

Alilijaza mpaka kwenye ngazi ya ukingo, zabibu kavu juu. Nilichukua kifuniko ili nilifunike. Shangazi alikitoa mkononi mwangu.

"Hicho kinabaki."

"Lakini ni chake, cha bakuli hili. Umekitafuta miaka yote."

"Rawan, fikiri. Ukipeleka kifuniko, Wilkister atauliza kimetoka wapi. Utamjibu nini? Kitamwambia kila kitu, na Rahila atasikia kabla ya Isha." Alifunika tambi kwa karatasi ya alumini, akaikunja pembeni vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Panda. Usilishike masikio, shika chini."

Nilipanda. Anti Wilkister aliona bakuli lake na akasema, "Eh! Umerudi, mrembo!" Alikuwa akisema na bakuli.

Ramadhani 27

Shangazi amelala mchana kutwa. Kabati lina nafasi wazi.

Ramadhani 29

Mwezi haukuonekana. Tunafunga kesho.

Shawwal 1

Idi. Baba, Mama, halua, wageni. Bi Rahila amemwambia Shangazi kwamba amekonda na kwamba Ujerumani hawajui kupika. Kisha akalitazama kabati akasema vyombo vile vya rangi rangi vinamkumbusha kitu, ila hakumbuki ni nini. Shangazi alimmiminia kahawa.

Shawwal 2

Shangazi aliniita kabatini. Kifuniko kilikuwa kwenye nafasi ya 317, peke yake, juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Kilionekana kama sahani ndogo iliyopinduliwa. Alinipa kibandiko kitupu na kalamu.

"Andika wewe."

Kuandika vibandiko ni kazi yake, sijawahi kupewa. Nilifikiri kidogo, nikaandika: *Kifuniko cha namba 317. Bakuli lake lipo ghorofa ya nne, linatumika.*

Alikisoma, akakibandika. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akauliza, "Pasipoti yako inakwisha lini?"

Nilisema nitakwenda kutazama. Nilitembea mpaka chumbani, sikukimbia.

Shawwal 5

Joto limeanza. Shule imefunguliwa.

Jioni Anti Wilkister amekuja na bakuli. Ndani mlikuwa na samaki wa kukaanga, kichwa kikiwa juu. "Idi njema, nimechelewa, nilikuwa na zamu. Imepoa kidogo, karatasi haishiki joto." Aligusa ukingo kwa ndani, pale kwenye ngazi. "Ni kama ilikuwa na kifuniko yake kitambo, unaona hapa? Maskini. Sijui ilipotelea wapi."

"Labda kipo mahali," nilisema.

"Labda," alisema, na akanipa bakuli.

Nilipofunga mlango Shangazi alikuwa ameshafungua kabati. Alininyooshea kifuniko. Nililiweka bakuli mezani, na samaki wake ndani, nikakishusha kifuniko kwa vidole vya mikono miwili, nikakizungusha. Ile sauti ndogo ikasikika. Duara zikakamilika.

"Nyie mnafanya nini huko?" Bibi aliita kutoka jikoni. "Samaki anapoa! Limwage hilo bakuli, nimeshatengeneza kalimati za kulirudishia."